Sifa ya Mpandaji na Sifa ya Chombo

Katika kila mashindano ambayo mtu hushindana akibebwa na kitu kingine, awe juu ya farasi, ndani ya ngalawa au juu ya pikipiki, huzuka swali ambalo mbio zenyewe haziwezi kulijibu. Aliyetangulia ni mtu, au ni kile kilichombeba? Mkimbiaji wa miguu hana shida hii. Miguu ni yake, pumzi ni yake, na akianguka hana wa kumshtaki. Lakini mpanda pikipiki hufika mwisho wa mbio akiwa na mshirika asiyesema. Na watazamaji hujiona wana wajibu wa kumsemea mshirika huyo, au wa kumnyamazisha, kwa kadiri wampendavyo au wamchukiavyo mpandaji.

Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui katika Mkoa wa Tabora, hapana uwanja wa mbio za pikipiki. Walakini ni mahali panapolifaa sana swali hili, maana watu wa huko huishi na pikipiki kama mababu zao walivyoishi na mizigo ya mabega. Pikipiki hupeleka mgonjwa hospitali. Hubeba gunia la mahindi, ndoo ya asali, mjumbe wa msiba na bibi harusi. Vijana wenye kazi hiyo hukaa kijiweni wakingoja abiria, na siku za mashindano ya dunia simu moja yaweza kutazamwa na vichwa sita. Mashindano hayo, yaliyoanza mwaka 1949, huchukua siku tatu kila yanapofanyika: Ijumaa ni ya mazoezi, Jumamosi ni ya kupigania nafasi za kuanzia, na tangu mwaka 2023 ni ya mbio fupi pia, Jumapili ni ya mbio kubwa. Basi ubishi una siku tatu za kuiva, na huiva kwelikweli.

Ubishi wa watu hawa haudharauliki. Mtu ambaye hajapata kushika usukani wa pikipiki huona rangi na kasi tu. Aliyekwisha kuvuka mbuga ya tope jeusi wakati wa masika, akiwa na abiria nyuma na gunia mbele, huona zaidi. Huona gurudumu la nyuma linavyotaka kutangulia la mbele, na mpandaji anavyolikataza kwa goti na kwa mkono. Husikia mlio wa injini akajua kwamba gia imebadilishwa mapema mno. Huyu akisema kwamba fulani ameshindwa na tairi na siyo na mwenzake, asema kwa ujuzi. Ila ujuzi ni kitu kimoja na uadilifu ni kitu kingine. Ujuzi hutoa ushahidi, lakini haumlazimishi shahidi kusema kweli juu ya ampendaye.

Maana iko desturi moja katika mabishano haya ambayo haina budi kutazamwa vizuri. Mpandaji apendwaye akishinda, ameshinda yeye. Akishindwa, imeshindwa pikipiki. Mpandaji asiyependwa akishinda, imeshinda pikipiki. Akishindwa, ameshindwa yeye, na wala haikustahili kumshangaza mtu. Ni mizani ya ajabu hii, ambayo vitanga vyake vimekwisha kupatana kabla kitu hakijawekwa kupimwa. Na mwenye kuishika hajui kuwa adhulumu. Aamini kwamba apima.

Je, yawezekana kupima kwa haki? Yuko atakayesema kuwa haiwezekani, na kwamba maneno yote haya ni upepo. Mwaka 1967 wampa hoja yenye nguvu. Mwingereza Mike Hailwood alipanda Honda, na Mwitalia Giacomo Agostini alipanda MV Agusta, wakiwania ubingwa wa dunia wa pikipiki kubwa. Honda ile ilikuwa na nguvu nyingi, lakini ilijulikana kwa kuyumba kwenye kona. MV Agusta ilikuwa tulivu zaidi. Mwezi wa Juni, katika Kisiwa cha Man, ambako mzunguko mmoja wa njia wazidi kilomita 60, Agostini alikuwa mbele katika mzunguko wa tano cheni yake ilipokatika. Hailwood akashinda. Mwezi wa Septemba, Monza katika Italia, Hailwood alikuwa mbele kwa nafasi kubwa, na mizunguko iliyosalia ilikuwa michache, ndipo giaboksi yake ilipoharibika. Agostini akashinda. Mwaka ulipokwisha walikuwa sawa kwa alama, kila mmoja na ushindi mara tano. Ikabidi zihesabiwe nafasi za pili, na ubingwa ukapewa Agostini. Cheni ilimpokonya mmoja, giaboksi ikampokonya mwingine, kisha hesabu ikaamua. Mashabiki wa kila upande wana cheni yao au giaboksi yao ya kulilia mpaka leo, na hapana awezaye kusema kwamba walia bure.

Lakini mbio za mwaka mmoja ni kipimo kifupi. Iko njia ndefu zaidi, nayo ni kumtazama mtu yuleyule juu ya vyombo mbalimbali, na chombo kilekile chini ya watu mbalimbali. Katika jambo hili Valentino Rossi wa Italia alifanya, kwa hiari yake, kitu ambacho kilimfaa mwanafalsafa kuliko mfanyabiashara. Alikuwa bingwa wa dunia juu ya Honda mwaka 2001, 2002 na 2003. Wako waliosema kwamba ushindi ule ulikuwa wa Honda, na kwamba mtu mwingine akiwekwa juu yake angeshinda vilevile. Rossi akaiacha Honda, akaenda Yamaha, kiwanda ambacho hakikuwa kimepata ubingwa wa daraja la juu tangu mwaka 1992. Mbio za kwanza zilifanyika Afrika, katika mji wa Welkom nchini Afrika Kusini, tarehe 18 Aprili 2004. Nyuma yake, karibu kumgusa, alikuwamo Max Biaggi juu ya Honda. Rossi alishinda. Baada ya kuvuka mstari aliisimamisha pikipiki kando ya njia, akashuka, akaibusu, akakaa chini karibu nayo. Mwaka ule akawa bingwa, na mwaka uliofuata pia.

Kesi ikaonekana imekwisha: mtu ndiye, chombo ni chombo tu. Lakini Rossi huyohuyo mwaka 2011 alihamia Ducati, akakaa huko miaka miwili pasipo kushinda mbio hata moja. Hakusahau kupanda. Mwaka 2013 alirudi Yamaha, na mwaka huohuo akashinda Assen, nchini Uholanzi. Na Ducati ile haikuwa kigogo kisichokwenda: Casey Stoner wa Australia alikuwa bingwa wa dunia juu ya Ducati mwaka 2007, na mwaka 2010 alikuwa bado ashinda mbio juu yake. Stoner alipoiacha mwaka 2011 na kwenda Honda, akawa bingwa mwaka uleule. Basi mashabiki wa Rossi, waliosema mwaka 2004 kwamba pikipiki si kitu, walisema mwaka 2011 kwamba pikipiki ni kila kitu. Na mashabiki wa Stoner, ambao kabla ya hapo waliambiwa kuwa mtu wao abebwa na injini, walicheka wakaona wamelipwa.

Mtu asiye na upande akiyaweka mambo haya pamoja huona jambo ambalo pande zote mbili zalikimbia. Ustadi hauko ndani ya mtu kama maji yaliyomo mtungini, yawezayo kumiminwa juu ya chombo chochote yakabaki kiasi kilekile. Ustadi wa kupanda ni mapatano ya mwili wa mtu na tabia ya chombo. Stoner alipatana na Ducati iliyokuwa kali kwa wengine. Rossi alipatana na Yamaha, akashindwa kupatana na Ducati. Kuuliza ni sehemu ngapi za ushindi zilizokuwa za mtu na ngapi za pikipiki ni kama kuuliza ni sehemu ngapi za ngoma zilizokuwa za mikono na ngapi za ngozi iliyowambwa. Ngozi mbovu humharibia mpiga ngoma hodari, na mikono mibovu huiharibia ngozi nzuri. Lakini mlio ukiisha kutoka, hautengwi tena.

Isidhaniwe kuwa hivyo hukumu imefutwa. Kutotengeka kwa vitu viwili si sawa na kutojulikana kwake. Bado yawezekana kusema kuwa mtu huyu alifanya juu ya chombo hiki kile ambacho wengine hawakukiweza juu ya chombo hichohicho. Na hiyo ni sifa halali. Bado yawezekana kusema kuwa cheni ilikatika. Kilichokatazwa ni kuwa na kanuni mbili, moja ya rafiki na moja ya adui.

Na kuna mshirika wa tatu, ambaye wapenzi wa mbio za viwanja laini humsahau upesi, lakini watu wa Uyui hawawezi kumsahau hata siku moja: njia. Ushahidi wake wapatikana katika mashindano ya magari ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 yakipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Viwanda vya Ulaya vilileta magari mapya, vikaleta na madereva wenye sifa. Miaka kumi na tisa ikapita, na kila mwaka aliyeshinda alikuwa mkazi wa Afrika ya Mashariki. Mwaka 1965 walishinda Joginder Singh na ndugu yake Jaswant wakiwa na Volvo iliyokwisha kutumika. Na mwaka 1966 na 1967 alishinda Bert Shankland, mkazi wa Dar es Salaam, akiwa na Peugeot. Mgeni wa kwanza kutoka ng'ambo kushinda alikuwa Hannu Mikkola wa Finland, mwaka 1972. Magari ya wageni hayakuwa mabaya, wala wageni hawakuwa wazembe. Walikosa kuijua njia: tope lipi lina chini ngumu na lipi halina chini, vumbi lipi laficha shimo. Joginder alishinda tena mwaka 1974 na 1976, akiwa na Mitsubishi, chombo kingine kabisa. Lakini njia, aliijua. Inafaa ikumbukwe pia kuwa alianzia kazi ya ufundi katika gereji ya baba yake. Huyu alikijua chombo kwa mkono kabla ya kukijua kwa mwendo, hata ni vigumu kusema ni wapi fundi aliishia na dereva akaanza.

Kwa wengine fundi ni mtu mbali, na hapa sifa huanza kupotea njiani. Rossi alipoihama Honda hakwenda peke yake. Fundi wake mkuu, Jeremy Burgess wa Australia, alihama pamoja naye. Mshabiki anayesema kwamba Welkom ilithibitisha uwezo wa mtu mmoja amewatupa nje wale waliokesha wakibadili urefu wa springi na uzito wa gurudumu. Na anayesema kuwa Ducati ilimwangusha Rossi hana budi kukumbuka kwamba Burgess alikuwa naye huko pia. Kuisifu pikipiki, ukitazama vizuri, si kuisifu chuma. Chuma haina thawabu wala dhambi. Haikukesha, haikuogopa, haikutamani. Asifuye chombo asifu watu asiowajua majina: aliyekichora, aliyekiyeyusha, aliyekikaza nati ya mwisho usiku wa Jumamosi.

Ikiwa ni hivyo, mbona jina la mpandaji ndilo liandikwalo juu? Liko jibu moja lenye haki ndani yake, nalo ni kwamba mpandaji ndiye awekaye mwili wake rehani. Nati ikilegea, fundi hupoteza usingizi. Mpandaji hupoteza mguu, au uhai. Katika Kisiwa cha Man peke yake waliokufa tangu mashindano ya huko yaanze mwaka 1907 wamezidi mia mbili wakihesabiwa wa mbio zote za njia ile. Aliyeihatarisha damu yake ana dai juu ya sifa ambalo mwenye kukaa kivulini hana. Hoja hii ni nzito, na ndiyo ifanyayo watu wa kawaida, bila ya kufundishwa, wampende mpandaji kuliko kiwanda.

Lakini mwenye kuikubali hoja hii aikubali mpaka mwisho wake. Nchi ya Unyamwezi ina historia inayoikumbusha. Burton na Speke walifika Kazeh, palipo Tabora ya leo, tarehe 7 Novemba 1857, na vitabu vikaandika kwamba wao ndio waliosafiri. Walisafiri, ndiyo, ila mizigo ya misafara ilikwenda kwa mabega ya wapagazi, kila mzigo karibu frasila mbili, na njia ilijulikana kwa kirangozi aliyetangulia mbele. Livingstone alipofariki mwaka 1873, Chuma, Susi na wenzao waliubeba mwili wake kutoka nchi ya Chitambo. Walipofika Unyanyembe walimkuta Cameron, Mwingereza, aliyewashauri wauzike palepale. Wakakataa, wakaubeba mpaka pwani. Hawa ndio waliokuwa mtu, na chombo, na wajuzi wa njia, vyote pamoja. Hatari ya homa, ya njaa na ya vita ilikuwa juu ya miili yao. Hata hivyo wengi wao walilipwa ujira pwani wakatawanyika, na majina yao hayakuandikwa. Basi si kweli kwamba sifa humfuata aliyehatarisha damu. Humfuata aliyehatarisha damu ikiwa jina lake lilikuwa kubwa tangu mwanzo.

Neno hili laonekana kali, lakini Jumatatu yalithibitisha. Mbio zimekwisha, na kazi imeanza. Mathalani bodaboda imeanguka kwenye kona ya mchanga, abiria amevunjika mguu. Watu walewale ambao jana walichunguza tairi la bingwa kama hakimu achunguzavyo hati, leo hawana swali. Neno la kwanza ni kwamba vijana hawa ni wazembe, na neno la mwisho ni hilohilo. Laweza kuwa la kweli: wako waendao mbio kwa kujionyesha, wako wabebao abiria kwa mtindo uitwao mshikaki, wako waliokunywa. Lakini hapana aliyeinama kutazama cheni. Hapana aliyeuliza kama tairi la mbele lilikuwa kipara, au kama breki zilishika, au ni tangu lini shimo lile limekuwapo njiani. Bingwa akianguka, huhukumiwa chombo kwanza, kisha njia, kisha mtu. Kijana wa kijiweni akianguka, huhukumiwa mtu peke yake. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni, ndivyo wasemavyo wazee. Huyu hunyongwa kabla haki yake haijatajwa.

Wala tofauti hii haitokani na ujinga. Imekwisha kuonyeshwa kwamba vijana wa kijiweni, na wengi wa wateja wao, waijua pikipiki. Wajua kwamba breki iliyochakaa haimsikilizi hodari wala mzembe. Ujuzi waliokuwa nao Jumapili wanao bado siku ya Jumatatu. Kilichopungua ni hamu ya kuutumia kwa ajili ya mtu asiye na jina. Tena wakati mwingine mwenye kumlaumu kijana ana sababu ya kutotaka chombo kitazamwe, maana chombo kina mwenyewe.

Kwa maana kijana huyo aghalabu si mwenye pikipiki. Kila jioni humpelekea mwenye chombo fedha iitwayo hesabu, na hesabu haipungui kwa sababu mvua ilinyesha au mpira ulipasuka. Wengine wana mkataba, ambao kwao kijana hulipa kidogo kidogo mpaka chombo kiwe chake; na wakati huo wote apanda kitu ambacho ni chake nusu na cha mwingine nusu, ingawa mwili wake ni wake wote. Akikimbia ili apate hesabu, huitwa mkaidi. Akienda polepole akakosa hesabu, hunyang'anywa funguo akapewa mwingine. Hapo ushirika wa mpandaji na chombo, ambao kwa bingwa wa dunia una mafundi, wahandisi na kiwanda kizima nyuma yake, umebaki kati ya kijana mmoja na spana moja ya kuazima.

Katika mapatano ya namna hii, ambayo mengi hufanywa kwa mdomo, jambo la kwanza kutajwa ni kiasi cha fedha ya siku, na la pili ni saa ya kurudisha chombo. Breki zikiisha, nani atazinunua? Mahali pengine mwenye chombo hununua. Mahali pengine kijana hununua kwa fedha yake, akisubiri mwezi wenye abiria wengi. Na mahali pengine hapana aliyeuliza, mpaka siku ya kona ya mchanga.